Ndoo ya Maji Machungu

Kazi ya Kibugu niliipata kwa sababu ya ulimi. Sisemi ufasaha, maana huo sikuwa nao. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha shule ya misheni, cha kukariri, na nyumbani Meru tulisema Kimeru tu. Nasema ulimi wenyewe, nyama hii iliyomo mdomoni. Mzungu mkemia alipanga vikombe vinne vya maji juu ya meza, akaniambia nionje nimtajie kilicho kichungu. Vitatu vilikuwa na maji matupu. Kimoja kilikuwa kimetiwa kwinini kidogo mno, kiasi kwamba wenzangu wawili waliotaka kazi ile ile walikipita. Mimi nilikitaja papo hapo. Mkemia akacheka, akaniajiri siku hiyo hiyo.

Hapa Majimbo ninapokaa sasa, mjini Embu, majirani waliosikia kwamba niliwahi kufanya kazi maabara huniita daktari. Jina hilo linanikera, na nimewakaripia mpaka nimechoka. Nilikuwa mwosha chupa na mwonja maji. Na hiyo kazi ya kuonja niliiharibu, nikamharibia na mtu mwingine maisha yake, na ndiyo sababu naandika haya kabla sijasahau vizuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwinda wapiganaji wa uhuru msituni. Juu ya Kibugu, karibu na ukingo wa msitu wa mlima, palikuwa na banda la mabati, na nyuma yake shamba la miti ya kwinini iliyopandwa zamani na Mzungu mwingine ambaye alikata tamaa akahama. Mkemia wetu alikuja na wazo lake. Aliona hakuna haja ya kusafirisha magome ng'ambo na kungoja yarudi yakiwa vidonge, ilhali watu wa nchi ya chini, kule Mbeere na Mwea, wanatetemeka kwa malaria. Alitaka dawa itolewe pale pale.

Magome yalikaushwa, yakatwangwa kwenye kinu, yakalowekwa kwenye mapipa ya maji yaliyotiwa asidi kidogo. Baada ya siku mbili maji yaligeuka rangi ya chai ya mkandaa, na dawa ilikuwa imehamia humo. Sasa utaitoaje tena kwenye maji? Kuyachemsha mapipa yote mpaka yakauke kungemaliza kuni za mlima mzima. Hapo ndipo resini ilipoingia. Ilikuja katika mkebe mkubwa wa bati: punje za mviringo, rangi ya asali, ndogo kama nafaka ya wimbi, na sisi wafanyakazi tuliziita hivyo, wimbi la Mzungu. Tulizijaza kwenye bomba refu la kioo lenye koki chini, kisha tukayapitisha maji machungu kutoka juu, polepole sana. Dawa ilinata kwenye punje, na chini yakatoka maji yasiyo na uchungu wowote, yenye uchachu kidogo tu wa ndimu kwa sababu ya ile asidi.

Lakini punje nazo hushiba. Zikishashiba hazipokei tena, na dawa huzipita ikaenda zake na maji. Ndiyo maana ilibidi mtu akae pale, kila mara akinge tone, aonje, ateme. Akihisi uchungu, afunge koki na kuyageuzia maji kwenye bomba la pili. Bomba lililoshiba lilipitishiwa magadi na spiriti, punje zikaiachia dawa, spiriti ikafukuzwa juu ya sufuria ya maji moto, zikabaki fuwele nyeupe kama chumvi. Punje zilioshwa kwa asidi na kurudi kazini. Mkemia alikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kupimia, ambayo tone lake lilitia maji ukungu kama mna kwinini, lakini iliisha, na nyingine haikufika kwa sababu ya barabara na vizuizi vyake. Ulimi, alisema, unatosha.

Ulimi bora zaidi pale haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mmoja wa Kiembu, mwenyeji wa Kibugu, aliyenizidi umri labda kwa miaka kumi. Yeye ndiye aliyetwanga magome, ndiye aliyeanika fuwele kwenye sinia, na ndiye aliyeonja. Mimi nilishika zamu yake akiwa na kazi nyingine. Aliweza kuhisi uchungu matone kumi kabla yangu. Mimi nilimsemesha Kimeru, yeye akanijibu Kiembu, na tulipokwama tulikutana kwenye Kiswahili.

"Nyinyi Wameru," alizoea kuniambia, "ulimi yenu ilikufa zamani. Mnakula miti kama mbuzi."

"Mama, hiyo miti ni heshima kwetu. Hata bibi haolewi bila hiyo."

"Basi wewe kaa na heshima, mimi niachie koki."

Miraa ilikatazwa bandani. Mkemia alikuwa ametutajia sheria tatu siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha mashambani: hakuna tumbaku, hakuna pilipili, hakuna miraa. "Wewe natafuna miraa, kazi kwisha." Na kazi ikiisha, pasi nayo inaisha, na bila pasi siku zile hungeweza hata kuvuka daraja kwenda kuzika mzazi wako.

Yule mama alikaa kwenye kile kijiji kipya walichojengewa watu kwa lazima, chenye mtaro na miti iliyochongoka pande zote. Mume wake alitoweka Hali ya Hatari ilipoanza. Kila mtu alisema yuko msituni. Yeye hakusema kitu, na mimi sikumuuliza; hilo ni jambo moja katika mwenendo wangu wa siku zile ambalo silionei haya. Alikuwa na binti mdogo aliyemwacha na bibi yake mchana, na mbuzi wawili ambao mkemia alimruhusu wanywe kwenye kidimbwi kilichokuwa chini ya mtaro wetu, mahali maji yaliyokwisha kazi yalipotiririkia.

Kisha likaja agizo la handaki. Wanawake wa vijiji vyote vya ukingoni waliitwa kuchimba handaki refu la kutenga msitu na mashamba, ili walio ndani wasipate chakula. Mkemia alilalamika, akaambiwa hakuna mwanamke atakayeachwa. Kwa hiyo siku tatu za kila juma yule mama alikwenda na jembe lake, na siku hizo kuonja kukawa kwangu peke yangu.

Siku moja ya handaki, kama saa sita mchana, lilifika lori la Mwislamu mmoja wa Maua aliyetuletea mapipa ya spiriti. Alimfahamu baba yangu tangu zamani. Tuliposhusha mapipa alinivuta pembeni, akatoa chini ya kiti kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba.

"Chukua, kijana yangu. Imekatwa jana jioni. Baba yako anakusalimia."

Nilikuwa sijaenda nyumbani karibu mwaka mzima. Nilipofungua yale majani harufu ya shamba letu ilinipanda kichwani, nikaona machozi yananilenga, mtu mzima mimi. Nilijiambia nitatafuna vijiti viwili nyuma ya banda, nisukutue mdomo, nirudi kwenye koki. Nilitafuna viwili. Kisha nikaingia na kifurushi ndani.

Mtu asiyejua miraa hatanielewa, na anayeijua hahitaji maelezo. Alasiri ile nilikuwa mwerevu kupita kiasi. Nilipanga maisha yangu yote, nikajenga nyumba, nikaoa, nikamshinda kaka yangu katika ubishi ambao hakuwepo kuujibu. Na kila mara, kwa uaminifu kabisa, nilikinga tone, nikaonja, nikatema. Sikuhisi kitu. Ulimi wangu ulikuwa umejaa ule ukakasi wa maganda ya miraa, mkavu na mzito, na ungeweza kunimwagia kijiko kizima cha kwinini nisitambue. Nilishangaa kidogo kwamba bomba lililozoea kushiba saa tisa lilikuwa bado linapokea saa kumi na nusu. Nilisifu zile punje. Niliacha maji yaendelee, nikajaza ndoo, nikaimwaga mtaroni, nikajaza nyingine. Ile ya mwisho ilijaa wakati wa kafyu umekaribia, nikaiacha chini ya koki, nikafunga.

Asubuhi, kabla sijanywa chai, nilichovya kidole kwenye ile ndoo.

Uchungu ulinishika mpaka kwenye mizizi ya masikio. Nilisimama pale mdomo wazi, mate yananitoka, nikihesabu ndoo za jana nilizomwaga. Yalikuwa magome bora ya msimu ule, tuliyoyakausha juma zima. Nilielewa kila kitu saa ile ile, na hilo ndilo nataka lieleweke: sikuwa sijui.

Ndoo ile ingeweza kuokolewa. Kulikuwa na bomba la pili, safi, lililokuwa likinisubiri. Ningeyapitisha maji yale upya na dawa iliyomo ingepatikana. Na ningemwambia mkemia, bwana, nimekosa, ndoo hii hapa onja mwenyewe. Nilisikia viatu vyake vikishuka njiani kutoka nyumbani kwake. Nikaibeba ndoo kwa mikono miwili, nikaimwaga mtaroni, nikaisuuza. Mabaki ya miraa niliyafagia, nikayatia kwenye moto wa jiko. Alipoingia alinikuta nikipangusa meza, akaniambia habari ya asubuhi, nami nikamjibu nzuri.

Yule mama alirudi kazini kesho yake, viganja vimechubuka kwa jembe. Aliosha bomba kwa spiriti, akaanika fuwele kwenye sinia kama kawaida. Aliziangalia kwa muda, akaniangalia mimi. Nilijifanya nasugua chupa.

Siku fuwele zilipokauka, mkemia alizipima, akakuna kichwa, akazipima tena. Dawa haikufika nusu ya tuliyoizoea. Hakumshuku mtu. Alianza kujisemea kuhusu mvua, kuhusu umri wa magome. Lakini alasiri ile afisa wa doria aliyezoea kupita kunywa chai alipita, na mkemia akamsimulia shida yake kama mtu anavyosimulia kuku wake walioacha kutaga. Yule afisa aliweka kikombe chini.

Tuliitwa sote wawili mbele ya banda. Afisa aliuliza nani anaanika dawa. Mama akasema ni yeye. Akamuuliza mume wake yuko wapi. Mama akatazama viganja vyake. Homgadi wawili, wenyeji waliolinda upande wa serikali, walimwaga kikapu chake chini, viazi vitamu vikabiringika, khanga ikakung'utwa. Hawakupata kitu, na kutopata kitu kukachukuliwa kuwa dawa imeshafika msituni.

Mkemia, naye nimpe haki yake, alijaribu. Alinigeukia akasema, "Wewe naonja maji ile siku?"

"Nimeonja, bwana."

"Kali?"

"Haikuwa kali, bwana."

Lilikuwa jibu la kweli. Ulimi wangu haukuhisi uchungu siku ile. Nililitafuta jibu hilo siku tatu nzima, nikalinoa, nikaliweka tayari, na lilipotoka lilitoka laini bila kukwama. Yule mama aligeuza kichwa akanitazama. Macho yake hayakunilaumu wala kuniomba. Yalikaa juu yangu tu, yakingoja, kama alivyokuwa akiningojea nimalize kikombe changu cha chai turudi kazini. Mimi nikaangalia viazi. Walimwondoa akiwa ameshika khanga yake mkononi, bila kumpa muda wa kujifunga.

Walimweka kwanza kwenye kituo cha homgadi, ng'ambo ya bonde. Siku tatu alikaa pale, na siku zote tatu nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Neno langu lilikuwa na uzito. Siku ya pili nilivuka bonde kabisa, maneno yote yamepangwa kichwani, na nimebeba viazi vile vile vilivyomwagika, nimevichemsha. Mlangoni homgadi aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nimeleta chakula cha yule mama.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akakipokea. Nikarudi. Njiani nilisimama mara mbili kwa aibu, na bado sikurudi kule kituoni. Nilijiambia watamwachilia kesho. Nilijiambia nikifukuzwa nitamtumia nini mama yangu mzazi. Nilijiambia mengi, na siku ya nne lori likampeleka kwenye kambi ya kizuizi, nchi ya chini, kwenye joto na mbu.

Binti yake alibaki na bibi. Mbuzi waliuzwa. Mkemia aliendelea miezi kadhaa, kisha akafunga banda akaenda, na zile punje nilizisaidia kuzirudisha kwenye mkebe wake. Mimi nilipata kazi ya karani mjini Embu, barua nzuri mkononi ikisema kwamba mimi ni mtu makini na mkweli. Ninayo hadi leo. Siwezi kuisoma na siwezi kuichoma.

Jambo moja nilifanya. Tangu asubuhi ile ya ndoo sikutafuna miraa tena. Mtu wa Meru aliyekataa miraa! Nimekaa kwenye harusi za watu wetu nikitazamwa kama nimeokoka, nikateswa na harufu yake, nikakaza meno. Nililiona hilo kuwa malipo yangu, na kwa siri nililionea fahari.

Singekwenda kumtafuta yule mama, niseme ukweli. Ni yeye aliyeniona. Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha miaka kadhaa, nami nilikuwa Meru kumtazama mama yangu aliyekuwa mgonjwa, nikapita soko la Gakoromone kumnunulia ndizi. Mtu akanishika mkono. Alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu ya viazi alilokuja kununua, amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Alinigeuzia sikio la kulia kila niliposema. La kushoto, aliniambia, lilikufa kambini. Alishikwa na homa ya mbu mara nyingi, wakampa kwinini nyingi, masikio yakalia wiki nzima, na moja halikuzinduka.

"Nilijua ile uchungu mara moja," alisema. "Nikasema, hii ndiyo ile kazi yetu."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikaa chini kwenye vumbi mbele yake, na suruali yangu ya karani, nikamwambia. Nilimwambia habari ya lori, ya kifurushi, ya ndoo, ya jibu langu. Nilisema kwa Kimeru ili nisipate pa kujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho akichezea kamba ya gunia.

"Mbuzi wangu walikataa maji," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile niliporudi kutoka kwa handaki niliwapeleka pale chini. Walinusa, wakakataa. Nikaonja mimi. Kesho yake tena wakakataa. Na kwa jiko niliona vijiti vyako havijaungua vizuri."

"Ulijua? Ulijua mbele ya yule afisa?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

Alinitazama kwa macho yale yale. "Nani angenisikia mimi? Bwana yangu yuko msituni, na mimi niseme ni huyu kijana ako na cheti ndiye alimwaga dawa? Wangenipiga bure. Hiyo maneno ilikuwa yako. Siku tatu niliingoja. Viazi nilikula, nikasema, ameleta viazi, kesho ataleta na maneno."

Soko liliendelea kupiga kelele pande zote. Nilitafuta kitu cha kumpa, chochote, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile nilichokitunza miaka yote.

"Mama, tangu siku ile sijagusa miraa. Hata kijiti kimoja."

Aliendelea kuchezea kamba ya gunia. Nikadhani nimesema upande wa sikio bovu, nikainama upande wa kulia nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka wauza ndizi wakageuka kunitazama.

"Nimesikia," akasema. "Lakini si miraa ilinipeleka kambi."

Akasimama, akaniomba nimwinulie gunia. Nikamwinulia mgongoni, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akaenda.